Makofi si Usingizi: Hadhira ya Kerala na Filamu za Siasa za Kimalayalam

Upo mtindo wa uhakiki uliokita mizizi katika idara zetu za fasihi. Mhakiki akishaona ukumbi wa sinema uliojaa vijana wanaopiga makofi na mbinja, huufunga uchambuzi wake papo hapo. Kelele kwake ni dalili ya maradhi: hadhira imelewa, imepumbazwa, imeuziwa ndoto badala ya mkate. Baada ya hapo hutajwa Adorno na Horkheimer, husemwa neno moja au mawili kuhusu ubepari, na makala huisha. Anayeandika hivyo aghalabu hajajishughulisha kuuliza ni sentensi ipi iliyoshangiliwa, imeundwaje, na kwa nini ile iliyoitangulia ilipokelewa kwa kimya. Makala haya yananuia kuupinga mtindo huo. Yanaupinga pia mtindo wa pili, mpya zaidi na unaopendwa na wanafunzi wetu wa uzamili, ule unaoona uasi wa wanyonge katika kila mbinja.

Uwanja wa ubishi wetu ni Kerala, jimbo la kusini-magharibi mwa India ambalo sensa ya 2011 ililihesabia watu wapatao milioni 33, na ambalo lugha yake ni Kimalayalam. Wasomaji wengi wa jarida hili wamekulia kwenye filamu za Kihindi, za Mombasa hadi Nairobi. Sinema ya Kimalayalam ni mkondo mwingine kabisa, wenye lugha yake, waigizaji wake na ugomvi wake. Tumeichagua kwa sababu moja. Katika miaka ya 1990 ilizuka huko aina ya filamu ambayo ndani yake maneno hushangiliwa kuliko ngumi. Mtunzi wake mkuu ni Renji Panicker, aliyekuwa mwandishi wa habari kabla ya kuingia katika utunzi wa filamu, na mwongozaji aliyefungamana naye zaidi ni Shaji Kailas. Miongoni mwa kazi zao mashuhuri ni Ekalavyan (1993), Commissioner (1994) na The King (1995). Hawakuanza kwenye utupu: I. V. Sasi na mtunzi wake T. Damodaran walikuwa wamekwisha kuifungua njia hiyo kwa Ee Nadu (1982) na Aavanazhi (1986). Lakini ni Panicker aliyeyafanya maneno yenyewe kuwa tukio.

Mapigano yamo, na magari hulipuka, na maiti hazikosekani. Hata hivyo, mhimili wa filamu hizi ni hotuba. Katika The King, Mammootty anaigiza Joseph Alex, Kolekta wa Kozhikode, yaani mkuu wa utawala wa wilaya. Katika Commissioner, Suresh Gopi ni Bharathchandran, ofisa wa polisi. Mmoja na mwingine husimama mbele ya waziri, tajiri au mkubwa wake kazini, akamwambia usoni yale ambayo mtu wa kawaida huyasemea kibarazani. Tazama jinsi maneno hayo yanavyoundwa. Kwanza huja orodha: vishazi vyenye urefu unaokaribiana hufuatana, kila kimoja kikiongeza uzito juu ya kilichotangulia, kwa Kimalayalam kilichosheheni msamiati wa Kisanskriti. Kisha pumzi hukatwa. Hufuata kauli fupi, mara nyingi ya Kiingereza (Bharathchandran ana maneno yake matatu ya kumwamuru mwenzake akumbuke aliyoambiwa, na hakuna Mmalayali wa rika lile asiyeyajua), na baada ya kauli hiyo mtunzi haweki neno. Muziki hupanda, kamera humsogelea msemaji usoni, au yeye hugeuka akaondoka.

Nafasi hiyo isiyo na neno tutaiita kituo. Tunasisitiza kwamba kituo ni sehemu ya matini kama vilivyo vishazi vilivyokitangulia. Mtunzi amekiacha kwa makusudi, kwa kuwa anajua kwamba ukumbi utapiga kelele na kwamba sentensi yoyote itakayowekwa pale haitasikika. Wolfgang Iser ametufundisha kuhusu mapengo ambayo msomaji huyajaza anaposoma. Lakini msomaji wa Iser ameketi peke yake, kimya, na taa yake. Hapa pengo hujazwa na mamia ya watu kwa sauti moja, na kama hawakulijaza, linabaki wazi hadharani na filamu inaaibika. Ajabu ni kwamba sisi, tuliolelewa katika fasihi simulizi, ndio tulipaswa kuwa wa kwanza kulitambua jambo hili. Tunawafundisha wanafunzi wa mwaka wa kwanza kwamba fanani bila hadhira hana utendaji, kwamba kiitikio ni mali ya wote, kwamba hadhira huweza kumsahihisha msimulizi. Mwanafunzi yuyo huyo akiingia ukumbi wa sinema tunamtaka aiache elimu hiyo mlangoni.

Sasa tuwakabili wale wa usingizi. Wanadai kwamba anayeshangilia maneno ya nyota ameacha kufikiri. Kama ni hivyo, Kerala ni mahali pabaya pa kutafutia ushahidi. Hili ni jimbo lililotangazwa Aprili 1991 kuwa limefikia lengo la kusoma na kuandika kwa wote, miaka minne tu kabla ya The King. Ni jimbo ambalo mwaka wa 1957 lilikichagua chama cha kikomunisti kushika serikali kwa kura, E. M. S. Namboodiripad akiwa waziri mkuu wa jimbo. Na miaka mitano kabla ya hapo tamthilia ya Thoppil Bhasi, Ningalenne Communistakki, iliyochezwa na kundi la KPAC, ilikuwa imezunguka ikiyatangulia majukwaa ya kampeni. Ni jimbo la kathaprasangam, sanaa ya msimulizi mmoja anayesema na kuimba kwa saa nyingi, ambamo V. Sambasivan aliwapelekea watu wa sherehe za mahekalu visa vya Tolstoy na Shakespeare. Na nyuma ya hayo yote ipo Chakyar Koothu, sanaa ya kale ya hekaluni: msemaji mmoja, ngoma ya mizhavu, aya za Kisanskriti zinazofafanuliwa kwa lugha ya watu, na ruhusa ya kumkejeli yeyote aliyeketi mbele yake, hata mtawala, huku mkejeliwa akikatazwa na mila kujibu.

Hadhira iliyotoka katika mapokeo hayo inajua hotuba ni nini. Inajua orodha inapokuwa ndefu kupita kiasi, inajua kauli ya mwisho inapokuja mapema, inajua msemaji anapoishiwa na pumzi. Inaposhangilia, imekwisha kupima. Wala haijali picha tu: redio ya nchi hiyo ilikuwa na desturi ya kurusha sauti za filamu bila picha zake, na watu wakasikiliza majibizano ya filamu nyumbani kama wasikilizavyo mchezo wa redio. Mtu anayeisikiliza filamu ya ngumi bila kuziona ngumi anasikiliza nini, kama si lugha?

Wanaotetea nadharia ya usingizi watatukumbusha kwamba Commissioner ilitiwa sauti za Kitelugu na ikapendwa sana Andhra Pradesh, ambako Kimalayalam cha Panicker hakikuwamo tena. Basi, watasema, maneno hayakuwa na maana. Kilichopendwa ni mtu mwenye sare. Hoja hii ina uzito, lakini inathibitisha nusu tu ya wanachotaka. Kilichosafiri hadi Andhra ni umbo: orodha, pumzi iliyokatwa, kituo. Msamiati ulibadilika, mizani ikabaki. Yeyote aliyewahi kutafsiri tamthilia anajua kwamba umbo la usemi huweza kuvuka mpaka ambao neno moja moja haliwezi.

Tukiisha kuwajibu hao, wapinzani wetu wa pili watatukumbatia, nasi hatutaki kukumbatiwa. Wao wanasema: tazameni, hadhira ni hai, inashiriki, inamtukana waziri kupitia kinywa cha Kolekta, huu ni upinzani. Stuart Hall hutajwa hapa kama vile Adorno alivyotajwa kule, naye pia kwa haraka. S. V. Srinivas, aliyewachunguza mashabiki wa sinema ya Kitelugu, ni mwangalifu zaidi ya hao wanaomnukuu: ameonyesha kwamba utiifu wa shabiki una masharti, kwamba anayemwabudu nyota ndiye pia anayemdai. Kudai, hata hivyo, hakutoshi kuwa uasi. Inategemea unadai nini.

Tuangalie ni nani anayesema na ni nani anayesemwa. Anayesema ni ofisa wa huduma ya utawala au ya polisi ya India, aliyepata cheo chake kwa kufaulu mtihani wa Tume ya Utumishi wa Umma. Hakuna aliyempigia kura. Anayesemwa, mara nyingi, ni mwanasiasa aliyechaguliwa. Na lugha inayobeba pigo la mwisho ni Kiingereza, lugha ya faili na ya mtihani ule. Katika ubishi huu wa jukwaani asiye na ridhaa ya wapiga kura ndiye mwenye haki yote, na mwenye kura ndiye mwizi. Sasa kumbuka kwamba kuanzia 1982 hadi 2016 wapiga kura wa Kerala waliibadilisha serikali yao katika kila uchaguzi wa jimbo, wakiupokezanisha muungano wa kushoto na ule wa Congress bila kukosa. Watu hao hao, waliojua vyema kumfukuza waziri kwa karatasi ya kura, walienda sinema wakamshangilia mtu ambaye hakuna karatasi ya kura iwezayo kumwondoa. Ukiuita huo upinzani dhidi ya mamlaka umekosea anwani. Ni uchovu wa siasa za vyama unaotafuta mamlaka yasiyo na vyama, yenye ufasaha na bunduki.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha jinsi gharama ya jambo hili ilivyo kubwa. Mwaka wa 1976, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa na Indira Gandhi, mwanafunzi wa uhandisi wa Kozhikode aliyeitwa P. Rajan alikamatwa na polisi na hakurudi. Baba yake, T. V. Eachara Varier, alifikisha dai lake mahakamani mwaka wa 1977, na K. Karunakaran, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani katika kipindi kile na ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameapishwa kuwa waziri mkuu wa jimbo, alilazimika kujiuzulu. Shaji N. Karun alitoa filamu ya Piravi mwaka wa 1989, na watazamaji wa Kerala waliiona nyuma yake kesi hiyo: mzee anamngoja mwanawe, mwanafunzi wa uhandisi, ashuke kwenye basi. Mzee huyo anaitwa Raghava Chakyar. Jina hilo ni la jamii ile ile iliyoimiliki sanaa ya koothu, watu wenye ruhusa ya kumsema mtawala. Naye katika filamu karibu hana la kusema. Anangoja, anavuka mto, anarudi. Miaka mitano baadaye, katika jimbo lile lile, ukumbi unasimama kumshangilia ofisa wa polisi anayempiga mshukiwa kofi baada ya hotuba nzuri. Hatusemi kwamba walioshangilia walikuwa wameisahau kesi ya Rajan. Yamkini wengi waliikumbuka. Tunachosema ni kwamba ufasaha uliwapa njia ya kuikumbuka na bado kupiga makofi, na mhakiki anayeyaita makofi hayo usingizi anawapa udhuru ambao hawakuuomba.

Hapa ndipo ubishi wetu ulipo. Aliyelala hana kosa. Aliyepima kisha akaridhia anaweza kuulizwa kwa nini ameridhia. Tukikubali kwamba makofi ni hukumu ya wajuzi, tumepata haki ya kuwauliza wajuzi hao swali, na swali la kwanza linahusu wanawake.

Ndani ya The King yumo ofisa mwanamke, Anura Mukherjee, msaidizi wa Kolekta, aliyeigizwa na Vani Viswanath. Joseph Alex anamkaripia mara mbili kwa namna ambayo hadhira imeihifadhi moyoni. Mara moja anamweleza India ya maskini aliyoitembea mwenyewe, na hapo orodha yake ni nzuri kweli. Sisi pia tumeisikiliza kwa starehe. Mara nyingine anamkumbusha kwamba yeye ni mwanamke tu, na kwamba mkono wake usithubutu kuinuka tena mbele ya uso wa mwanamume. Umbo la kauli hizo mbili ni moja. Vishazi vinapanda, pumzi inakatwa, kituo kinafuata, na ukumbi unakijaza kwa nguvu zile zile. Mizani haikuchagua kati ya hasira ya njaa na dharau ya jinsia. Anura, kama yule mkejeliwa wa hekaluni, hapewi nafasi ya kujibu. Tofauti ni kwamba Chakyar alikuwa na ruhusa ya kumkejeli aliye juu, na hapa anayenyamazishwa ni aliye chini, huku mwenye cheo akiwa ndiye mkejeli. Panicker huyo huyo alipoandika Pathram (1999), iliyoongozwa na Joshiy, alimpa Manju Warrier, katika nafasi ya mwandishi wa habari, ulimi mkali usiopungukiwa na wa wanaume wake. Kwa hiyo hatuwezi kujitetea kwamba umbo lenyewe halikumkubali mwanamke. Lilimkubali alipopewa.

Mwaka wa 2016 ilitolewa Kasaba, iliyoongozwa na Nithin Renji Panicker, mwana wa mtunzi wetu, Mammootty akiwa tena ofisa wa polisi anayemdhalilisha ofisa mwanamke kwa maneno na kwa mkono. Desemba 2017, katika Tamasha la Kimataifa la Filamu la Kerala, mwigizaji Parvathy aliikosoa filamu hiyo hadharani kwa jinsi ilivyoutukuza udhalilishaji huo. Matusi yaliyomfuata mtandaoni yalikuwa mazito kiasi cha polisi kuwakamata watu. Kwa miaka mingi kituo kilikuwa mali ya wapiga mbinja. Ghafla mtu mmoja wa hadhira, tena mwanamke, tena wa kazi hiyo hiyo, akakijaza kwa neno la kukataa, na wenye kituo wakamjia juu. Wapenzi wa nadharia ya upinzani walipaswa kutuambia upinzani ulikuwa upande gani siku hiyo. Hatukuwasikia.

Haitakuwa haki kuacha picha kwamba Wamalayali hawana jibu jingine kwa ufasaha ila makofi. Wana kicheko, na ni kicheko cha kutisha. Sandesam (1991), iliyotungwa na Sreenivasan na kuongozwa na Sathyan Anthikad, iliwacheka ndugu wawili wa vyama pinzani wanaobishana mezani kuhusu mambo ya Poland huku nyumba yao ikiporomoka, na maneno ya ndugu hao yakawa methali za mitaani. Isitoshe, kuna sanaa ya kuiga sauti za watu mashuhuri, iliyokuzwa na Kalabhavan ya Kochi tangu miaka ya 1980, ambayo wasanii wake walizichukua kauli za Kolekta na Kamishna wakazitamka mahali pasipostahili, kama vile dukani wakinunua samaki. Msanii wa kuiga anakiacha kituo kilekile, lakini kinajazwa kwa kicheko. Nadhani huo ndio uhakiki bora zaidi uliowahi kufanyiwa filamu hizi, na ulifanywa bila idara yoyote ya fasihi kuhusika.

Wakati nao umefanya yake. Kolekta na Kamishna walipokutanishwa katika The King & the Commissioner (2012), wahakiki wengi walichoshwa; sinema ya Kimalayalam ilikuwa imeanza kusema kwa sauti ya chini, kama inavyosikika katika Traffic (2011) na Maheshinte Prathikaaram (2016). Filamu ya siasa na mapigano iliporudi kwa kishindo na Lucifer (2019), iliyotungwa na Murali Gopy na kuongozwa na Prithviraj, shujaa wake, aliyeigizwa na Mohanlal, alikuwa mtu wa maneno machache. Orodha ndefu za Panicker hazikuwapo. Kituo kilibaki, ila sasa kilitanguliwa na mwendo, na mtazamo, na kukunjwa kwa mundu, ile nguo ya kiunoni, kabla ya pigano.

Na kisha ikaja Empuraan, sehemu ya pili ya Lucifer, Machi 2025. Humo ilikumbushwa ghasia ya Gujarat ya 2002. Makundi ya mrengo wa kulia wa Kihindu yalikasirika, na katika muda wa siku chache watengenezaji wenyewe wakaomba filamu ikaguliwe upya, wakakata sehemu zake, wakambadilishia jina mhusika mwovu, naye Mohanlal akaeleza masikitiko yake hadharani. Mapokezi yalikuwa yametoka ukumbini na kuingia katika chumba cha uhariri. Atakayeichambua Empuraan hana budi kwanza kutaja ni nakala ipi aliyo nayo mkononi, ile ya siku za mwanzo au ile iliyokatwa, na ni nani aliyepiga kelele hadi tofauti hiyo ikawapo.